Maswali ya Nyumbani: Kabati la kando ya kitanda, watoto wawili chumba kimoja

SWALI: Habari za kazi. Wanangu wa miaka 9 na 5 wanalala chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kila mmoja na kitanda chake cha futi 3 kwa 6. Fundi ananishauri tuchonge vikabati viwili vya kukaa upande wa kichwani, kila kimoja upana wa inchi 20. Vitaenea?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Mama, kwa hesabu vinaenea, lakini usikubali. Godoro lina inchi 36, na ukijumlisha mbao za fremu kitanda kinafika kama inchi 40. Vitanda viwili ni 80. Chumba kina 120, kwa hiyo ukivisogeza ukutani, kimoja huku na kingine kule, katikati zinabaki inchi 40, ambazo vikabati hivyo vitazimaliza zote. Mkono wa kuchomeka chandarua chini ya godoro utapita wapi? Neti itaachwa inaning'inia, mbu waingie, na kona ya droo itaichana.

Mwambie fundi achonge kimoja tu, upana inchi 36, kutoka ukutani kuja mbele inchi 14, chenye droo mbili zilizopangwa sambamba. Kila upande zitabaki inchi 2 za kupitisha vidole. Droo moja ya kuchangia usiitake, labda kama unapenda kuamua kesi kila jioni. Wala usipunguze kabati hadi inchi 18: pembeni zitabaki nafasi za inchi 11, na huyo wa miaka 5 akijiviringisha usiku ataangukia humo, kichwa kikipitia kwenye pembe.

Kimo kipimwe kutoka sakafuni hadi juu ya godoro mtu akiwa amelikalia, kwa sababu godoro jipya hudidimia. Kabati liwe sawa na hapo au chini yake kwa inchi 2. Likizidi, mtoto akigeuka analigonga kwa paji la uso. Likiwa chini mno, analiinamia hadi anadondoka.

Ukichagua MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, liwekewe miguu ya inchi 4. Maji ya deki huingia kwenye kingo za chini, ubao unavimba na kumomonyoka. Mninga huvumilia zaidi na mchwa hawaupendi, ila bei yake unaijua. Pembe zote zipigwe msasa hadi ziwe mviringo, na badala ya vishikio vinavyochomoza fundi akate tundu la kuingiza vidole.

Halafu lifungwe ukutani. Mtoto akivuta droo zote mbili na kuzikanyaga, uzito unahamia mbele na kabati linamlalia. Vyuma viwili vya umbo la L, skrubu za inchi 2 na plagi za plastiki vinatosha. Skrubu ipite lipu ikamate tofali. Msumari uliopigwa kwenye lipu peke yake hung'oka na kipande cha ukuta.

Kikombe cha maji kikae juu ya kabati. Tochi iwekwe ndani ya neti, kwenye kimfuko cha kitambaa kilichofungwa kichwani mwa kitanda, ili mtoto asifungue neti gizani akiitafuta.

SWALI: Wangu wanatumia dabo deka. Wa juu aweke wapi kitabu na miwani?
Baba Mapacha, Tanga

JIBU: Kwenye kirafu cha inchi 10 kwa 5, chenye ukingo wa inchi 2, kilichofungwa kwa skrubu kwenye fremu, upande wa ukutani. Chupa ya kioo isipande huko. Taa iwe ya kuchaji. Waya usining'inie hadi kwa wa chini. Kabati refu lisikae ubavuni mwa kitanda, maana litageuzwa ngazi. Na kama umenunua godoro nene, pima upya kizuizi cha juu: kinapaswa kuzidi godoro kwa inchi 5 au zaidi, na aliye chini ya miaka 6 asilale huko.