Bahashishi ya mtembezaji: iandae asubuhi, usingoje jioni

Kwa miaka 11 niliwatembeza wageni Mji wa Kale, kutoka lango la Fort Jesus kupitia Ndia Kuu na vichochoro vyake. Nyumbani kwangu kuna mkebe wa maziwa ya unga uliojaa sarafu za miaka hiyo: yuro, peni za Uingereza, senti za Marekani. Maduka ya kubadilisha fedha hapa Mombasa hupokea noti tu, kwa hivyo zimekaa hapo hapo. Kila moja ilitoka kwa mgeni aliyenishukuru kwa moyo safi, akaondoka akiamini amenipa cha kwenda kuwanunulia watoto wangu mkate.

Ndiyo sababu mtu akiniaga kwamba anasafiri nje na huko atakodi mtembezaji wake peke yake, namuuliza habari ya bahashishi kabla ya kumuuliza habari ya sanduku.

Wako wenzetu wanaoiogopa kwa kuiona ni hongo. Hongo hutangulia kazi ili upendelewe. Bahashishi huja baada ya kazi, na aliyeifanya hana haki ya kukudai. Ila jua hili: bei uliyolipa kampuni haimfikii yote mtembezaji. Hapa kwetu, masika yakiingia Aprili, hoteli kadhaa hufungwa na meli za watalii huwa adimu bandarini Kilindini. Mtembezaji hula alichoweka. Kwa watu hao kote duniani, bahashishi ni sehemu ya riziki yenyewe.

Mimi mwenyewe niliyajua hayo yote na bado niliumbuka. Mwaka 2019 nilimpeleka mamangu Umra, na tukirudi tukapitia Cairo siku tatu. Tulipata kijana mwenye leseni yake shingoni, aliyesomea historia. Kule Giza, kwenye piramidi, alimtafutia Mama kivuli, akawazuia wenye ngamia wasimsumbue, na kila akieleza jambo alinyamaza hadi nimalize kumtafsiria. Mama akauliza, hawa waliobeba mawe haya walilipwa? Kijana akafurahi kwa swali hilo kuliko mengine yote ya siku hiyo. Akatuonyesha upande yalikogunduliwa makaburi ya wajenzi mwaka 1990, akaeleza kuwa walilishwa mkate, pombe na nyama, na wakazikwa kwa heshima karibu na mfalme wao.

Magharibi tukafika mlangoni pa hoteli. Natia mkono mfukoni, nina noti moja ya dola 100 na vijipesa vya Misri visivyofika popote. Nikaanza kubabaika, "ngoja nikaulize chenji mapokezi." Mama hakungoja. Alifungua pindo la leso yake, akatoa riyali zilizombakia Makka, akazikunja na kumtia kiganjani kwa mkono wa kulia. "Shika mwanangu, ya chai ya kwenu nyumbani." Kijana akamjibu "Allah akubariki, Hajja," wala hakuzihesabu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya safari naitenga bahashishi mfuko wake mbali, kabla sijanunua hata maji. Noti, si sarafu, na ikiwezekana pesa za nchi hiyo hiyo. Kama ni dola, ziwe safi: iliyochanika au ya zamani hukataliwa sehemu nyingi, na hata hapa kwetu noti ndogo za dola hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya 100.

Dereva ana yake, mtembezaji ana yake. Usimpe mmoja amgawie mwenzake. Nimewahi kumaliza kazi ya siku mbili nikaambiwa na wageni kuwa wameniachia kitu kizuri ofisini. Sikukiona mpaka leo. Mpe mtu mkononi mwake.

Kiasi gani? Kwa siku nzima natoa kama asilimia 10 ya bei ya ziara, na ikiwa ziara yenyewe ni ya bei rahisi sana siteremki chini ya dola 10. Marekani desturi ni asilimia 15 hadi 20. Ukipanda Kilimanjaro unatoa kwa timu nzima, yaani mwongozaji, mpishi na wapagazi, na ni vyema utaje fungu la kila mmoja mbele ya wote ili mpagazi asipunjwe. Japani ni kinyume: desturi hiyo hawana, na pesa mkononi huweza kumtia mtu haya. Binamu yangu aliyeishi huko hubeba korosho za Kilifi, akampa mtembezaji kama zawadi ya kutoka nyumbani, na hupokewa kwa furaha. Soma pia mkataba wako, huenda bahashishi imeshahesabiwa ndani ya bei.

Jambo la maduka nalisema kwa kuwa nami nililifanya. Mtembezaji akikupeleka kwenye duka la mazulia au manukato, mara nyingi ana kamisheni yake pale. Mwambie mapema, kwa upole, "ndugu yangu, sisi leo hatununui, bahashishi yako tutakupa wenyewe jioni." Wengi watashukuru, kwa sababu hawapendi kusimama dukani wakikutazama ukibembelezwa. Lakini ukishalisema, litimize.

Na akiwa amekuharibia siku, amechelewa saa nzima, amekaa kwenye simu muda wote? Punguza, au usitoe, na umwambie sababu mkiwa wawili tu. Kisha iandikie kampuni yake. Dereva aliyekungoja juani hakukosa chochote. Yake mpe kamili.