Mgeni wa Saa Saba Unguja

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji: abiria wa meli ya kitalii anayeshuka katika bandari ya kisiwa kwa siku moja tu, achague matembezi gani? Nitajibu kwa kisiwa ninachokijua, Unguja, ambako kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwapokea wageni wa meli nje ya lango la bandari ya Malindi na kuwatembeza. Rai yangu ni kwamba mgeni ahesabu kwanza saa alizo nazo, ndipo atazame picha za fukwe.

Meli ikifunga gati saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, mgeni hudhani kwamba ana saa tisa za kutembea, lakini hanazo. Kushuka kuna foleni yake, hasa meli inapotia nanga nje na abiria wakaletwa kwa boti ndogo, na abiria hutakiwa wawe wamekwisha kurejea muda mzuri kabla ya kuondoka. Zinazobaki ni saa saba, pengine sita. Nungwi iko karibu kilomita 60 kaskazini mwa mji, kwa barabara inayopita vijijini na yenye vizuizi vya polisi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya siku huishia ndani ya gari. Kizimkazi, kusini, wanakokwenda watu kuwaona pomboo, nako ni mbali; tena mimi sipendi kumpeleka mtu huko, kwa sababu nimeona boti nyingi zikiwazunguka na kuwakimbiza wanyama wale hadi wakazama wasionekane tena.

Niliwahi kushuhudia wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wamenunua safari ya Nungwi kwa papasi mmoja, yaani mtembezaji wa mitaani asiye rasmi, barabarani. Gari lilipata pancha wakati wa kurudi, na gurudumu la akiba halikuwa na upepo. Waliwahi boti ya mwisho kamba zikiwa zinafunguliwa. Yule mama alikuwa ameshika viatu mkononi na mchanga ungali umemganda miguuni, naye alikuwa akilia. Tangu siku ile humwambia kila mgeni jambo hili waziwazi: akitaka kwenda mbali, anunue safari inayouzwa melini ingawa ni ghali zaidi, kwa kuwa kundi la meli likichelewa, kwa kawaida meli hulisubiri, ilhali aliyekwenda kivyake hasubiriwi. Kwa matembezi ya karibu hana haja ya gharama hiyo. Amtafute mwongozaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, wapatane bei kabla ya kuondoka, na fedha yake itabaki kwa watu wa hapa.

Ya karibu ndiyo yenye utajiri. Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unaanza hatua chache tu kutoka langoni. Mgeni apite vichochoroni polepole, aone milango ya nakshi na baraza walipokaa watu wakizungumza, kisha afike Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo Askofu Edward Steere, yule aliyeishughulikia sana lugha yetu ya Kiswahili, alijenga kanisa kuu. Nje ya kanisa kuna sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, zimesimama ndani ya shimo, na mgeni anayezitazama huwa amesimama juu akiangalia chini. Hapo mimi hunyamaza kabisa, nikamwacha mtu akae kadiri anavyotaka. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020, na ni haki mgeni aambiwe hivyo mapema kuliko kuahidiwa jumba lililo kwenye picha za zamani.

Akibakiwa na saa tatu, achague kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni safari ya boti hadi kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa ambao asili yao ni kobe walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Baadhi yao umri umeandikwa kwa rangi juu ya gamba, nao hunyoosha shingo taratibu kupokea jani la mchicha mkononi mwa mtoto. Fungu la mchanga la Nakupenda liko upande huohuo, lakini hilo hutegemea maji: yakijaa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, mchanga hufunikwa, kwa hiyo nahodha aulizwe maji yanakupwa saa ngapi kabla fedha haijatolewa. Saa ya kurudi nayo ionyeshwe kwa kidole juu ya uso wa saa ya mkononi, kwa maana saa nane yetu si saa nane ya mgeni, na mara nyingine saa ya meli hupishana na ya Unguja.

Cha pili ni mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, takriban nusu saa kwa gari. Huko mgeni huvunjiwa kipande cha gome la mdalasini anusie, kisha huchimbiwa mzizi wa mti uleule, akashangaa kuwa unanukia kama kafuri. Na kungumanga likipasuliwa, basbasi nyekundu iliyoizunguka mbegu hung'aa kama imelowa. Kwa mzee mwenye magoti mabovu ninapendekeza shamba, kwa sababu gari hufika karibu kabisa, ilhali Changuu mara nyingi mtu hulazimika kushuka kutoka botini akiwa ndani ya maji hadi magotini, nami nimewabeba wengi mgongoni.