Maswali ya Wasomaji: Dirhamu Isiyo na Sura ya Mfalme

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa madrasa ametuonyesha picha ya sarafu ya fedha ya mwaka 79 Hijria, iliyojaa maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, bila sura ya mtu. Shemeji yangu anashikilia kwamba pesa isiyo na picha ya mtawala si pesa, na kwamba ile ilikuwa hirizi. Je, ni kweli? Na umuhimu wake ni upi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo si hirizi. Mkumbushe shemeji kwamba katika karne ya 19 soko la hapo hapo Ujiji lilihesabu kwa sofi, shanga ndogo zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko, na hakuna aliyezikataa kwa kukosa uso wa mfalme.

Sarafu mliyoiona ni dirhamu ya Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala kutoka Dameski kati ya 685 na 705. Mwaka 79 Hijria uliangukia 698 na 699. Kabla yake, Waislamu walioiteka Uajemi walifua sarafu kwa kuiga zile walizozikuta, zikiwa na sura ya mfalme Khosrow upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, huku "bismillahi" ikiwa imebanwa ukingoni. Abd al-Malik aliziondoa sura hizo, kwanza kwenye dinari za dhahabu mwaka 77, kisha kwenye dirhamu, akaweka shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu, na maneno ya Suratul Ikhlas ya Qurani kwa Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Hata jina lake mwenyewe hakuliandika, jambo ambalo kwa mtawala si dogo. Badala yake sarafu inataja mji ilikofuliwa na mwaka wake, na kwa sababu hiyo mwanahistoria huisoma kama hati yenye tarehe.

Mageuzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuwa ya uzito. Drakma, ile sarafu ya fedha ya Uajemi, ilikaribia gramu 4, ilhali dirhamu mpya ilikuwa na takriban gramu 2.9, kwa kanuni kwamba dirhamu 10 ziwe na uzito wa mithqali 7. Mithqali ndiyo uzito wa dinari moja ya dhahabu. Wanazuoni wa zama zetu walipotaka kuijua mithqali kwa gramu, walirejea dinari za Abd al-Malik zilizosalia katika makumbusho, wakapata gramu 4.25. Kutokana na kanuni ile, dirhamu ya kisheria ikawa gramu 2.975, na nisabu ya zaka ya fedha, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho ni dirhamu 200, ikawa gramu 595, ambazo bila shaka mwalimu wenu amekwisha kuwafundisha.