Kabla ya kuilaumu Python kwa kula kumbukumbu, mtafute anayeshika

Programu inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni haina sababu kubwa ya kuhangaikia kumbukumbu ya kompyuta. Mambo hubadilika pale inapotakiwa kufanya kazi usiku na mchana, kama hii ninayoitunza hapa Kigoma, ambayo hupokea uzito wa magunia ya dagaa yanayoshushwa Kibirizi na kuyapanga kwa safari na wenye mali, kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 2 tu. Kumbukumbu ikizidi kujaa, usianze kuilaumu Python, lugha iliyoandikiwa programu. Anza kwa kuuliza ni nani bado amekishika kitu ulichodhani kimekwisha kazi.

Aliyewahi kuweka mzigo ghalani kwa stakabadhi ataelewa upesi. Katika CPython, ambayo ndiyo Python inayotumiwa na wengi, kila kitu hubeba hesabu ya marejeo, yaani idadi ya mahali panapokitaja: stakabadhi ikitolewa hesabu hupanda, ikirudishwa hushuka, na ikifika sifuri mzigo huondolewa papo hapo. Ndiyo maana amri ya `del` huwapotosha wengi, kwani hufuta jina tu, na kitu chenyewe kitabaki iwapo kuna orodha nyingine inayokitaja.

Udhaifu wa hesabu hii ni mzunguko. Kwangu, safari ina orodha ya magunia, na kila gunia linaitaja safari yake. Hata programu ikishaachana navyo, vinaendelea kutajana na hesabu haifiki sifuri. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2000, Python ina mkusanya taka (garbage collector) anayetafuta na kuondoa mizunguko ya namna hiyo, kwa hiyo wanaodai kwamba kila mzunguko ni uvujaji wa kumbukumbu wanarudia habari za zamani. (PHP ilisubiri hadi toleo la 5.3, mwaka 2009; Perl 5 mpaka leo humwachia mwandishi kazi hiyo.) Hata hivyo, mkusanyaji huyo hupita kwa wakati wake, na wapo wanaomzima kwa `gc.disable()` wakitafuta kasi. Mimi hupendelea gunia liitaje safari kwa rejeo dhaifu la moduli ya `weakref`, ambalo haliingii katika hesabu, mradi kila ninapolitumia nihakikishe kwanza kwamba halikurudisha `None`, yaani kwamba safari bado ipo. Klasi za kawaida unazoandika mwenyewe hukubali rejeo hilo. Orodha (`list`) na kamusi (`dict`) zenyewe hazikubali.

Lakini kwa niliyoyaona, mizunguko si mkosaji mkuu. Mkosaji mkuu ni `dict` iliyowekwa juu kabisa ya faili ili kuharakisha utafutaji, ikaongezwa kila siku bila kupunguzwa. Hakuna mkusanya taka atakayeigusa, kwa sababu kila kilichomo bado kina mwenyewe. Ili kuinasa, tumia `tracemalloc`, iliyomo tangu toleo la 3.4: piga picha ya kumbukumbu asubuhi, nyingine jioni, uzilinganishe, nawe utaoneshwa mstari wa msimbo uliotenga kumbukumbu iliyoongezeka. Kisha `gc.get_referrers()` ikusaidie kumjua anayeshika. `sys.getrefcount()` nayo hufaa, ingawa kwa kawaida hutaja moja zaidi, kwa kuwa kule kukiulizia kitu nako ni kukitaja.

Ukishaondoa kinachoshika, usishangae mfumo wa kompyuta ukionesha kumbukumbu ileile kama awali. Python huweza kujiwekea akiba ya nafasi iliyoachwa ili iitumie tena. Cha kuangalia ni kama matumizi yanaendelea kupanda.

Angalia pia `functools.lru_cache`, inayohifadhi majibu ya kazi (function) ili yasikokotolewe upya. Kikomo chake cha kawaida ni majibu 128, lakini ukiandika `maxsize=None` umekiondoa, na ukiiweka juu ya metodi ya klasi, itamshika `self`, yaani kitu chenye metodi hiyo, na kila anachokibeba, yaani safari nzima na magunia yake yote. Kwa jibu lisilohitaji kigezo kingine, `functools.cached_property` ni salama zaidi, kwa sababu hulihifadhi ndani ya kitu chenyewe na kitu kikiondoka nalo huondoka.