Swali la lugha: Hupunguzwa kosa au adhabu?

Msomaji wa Kakamega anauliza: "Redioni nilisikia kwamba jaji 'alizingatia sababu za kuongeza na kupunguza kosa' kabla ya kumfunga mtu aliyeua bila kukusudia. Kosa hupunguzwaje? Na kama hakukusudia, anafungwa kwa nini?"

Nianze na swali la pili, maana ndilo linaloziumiza familia. Kitenzi "kuua" kimebeba mambo mawili, kitendo na kifo. "Bila kukusudia" hukanusha kusudi la kifo, si la kitendo. Chukua ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba la miwa. Mmoja ampige mwenzake kichwani kwa mpini wa jembe, mwenzake afe. Mpini aliuinua makusudi. Kifo ndicho ambacho hakukikusudia. Kifungu cha 202 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataka pawe na kitendo kisicho halali, au uzembe wa kutotimiza wajibu, kilichosababisha kifo. Kwa hiyo anayetangaza kwamba mtu huyo "aliua kwa bahati mbaya" amelifuta kosa lote.

Sasa lile la kwanza. Mtu akishatiwa hatiani, kosa lake lina jina tayari. Kinachopanda na kushuka ni adhabu, na kikomo chake ni kifungo cha maisha, kwa mujibu wa kifungu cha 205. (Angalieni irabu: kifungu ni cha sheria, kifungo ni cha jela. Magazeti huchanganya.) Sema basi "mambo yanayoongeza adhabu" na "mambo yanayopunguza adhabu". Neno "sababu" ningeliacha, kwa kuwa msikilizaji hudhani ni sababu ya ugomvi.

Hata hivyo, "kupunguza kosa" kuna mahali pake. Kifungu cha 207 kinasema aliyechokozwa ghafla, akaua kabla hasira haijapoa, hana hatia ya mauaji ya kukusudia bali ya kuua bila kukusudia. Hapo kosa lenyewe limeshuka daraja. Na hapo jina letu la Kiswahili linabana, maana huenda alikusudia kabisa, ila hasira ilimtawala.

Katika kupima adhabu, jaji hutazama silaha iliyotumika, ukatili wa kipigo, udhaifu wa aliyeuawa, kama washambuliaji walikuwa kundi, na kama mshtakiwa ana hatia za awali. Upande wa pili huwekwa kukiri kosa, majuto, umri mdogo, kuchokozwa, na kwamba ni kosa lake la kwanza. Ripoti ya afisa wa probesheni husomwa, na familia ya marehemu husikizwa pia.

Makosa mawili ya maneno hunikera hapa. La kwanza ni kuandika kwamba mshtakiwa "alijitetea" baada ya kutiwa hatiani. Utetezi umekwisha wakati huo. Anachofanya ni kuomba apunguziwe adhabu. Nimeona familia ya marehemu ikisoma "alijitetea" ikadhani kesi imeanza upya. La pili ni kuandika kwamba mtu aliongezewa adhabu "kwa kukana mashtaka". Kukana ni haki yake. Aliyekiri hupata nafuu, aliyekana huikosa nafuu hiyo, lakini kukosa nafuu si kuongezewa. Ukiandika "hakupata nafuu ya kukiri", umesema kweli.

Muda wa rumande nao usiuite huruma ya korti. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaagiza uzingatiwe. Mtu aliyekaa rumande miaka 2 akapewa kifungo cha miaka 10 kinachohesabiwa tangu siku aliyokamatwa, andika hivyo hivyo, "kuanzia siku aliyokamatwa". Ukiacha maneno hayo, msomaji atahesabu miaka 12.