Methani na hewa ukaa: kabla hujajumlisha, uliza ni kwa miaka mingapi

Nyie mnaoanza kazi ya kuhesabu gesijoto, iwe wizarani, chuoni au kwenye hii miradi ya kaboni, kuna kitu nataka mkishike mapema maana kinasumbua watu wengi sana, nacho ni muda. Mtu akikwambia methani ina nguvu ya kuongeza joto mara 28 ya hewa ukaa usiandike kwanza, muulize kwa miaka mingapi? Hiyo 28 ni ya miaka 100, ukihesabu kwa miaka 20 inapanda mpaka 80 na kitu, gesi ni ileile na kilo ni ileile.

Sababu ni kwamba methani ikishafika angani haidumu, kuna chembe za hewani zinaitwa haidroksili huko juu zinaivunja, kwa hiyo ndani ya miaka 12 hivi sehemu kubwa inakuwa imeshaondoka. Hewa ukaa hakuna wa kuivunja namna hiyo, bahari na mimea zinaivuta taratibu na sehemu yake inabaki huko maelfu ya miaka.

Sasa chukua kijiji chenye ng'ombe 1,000 wa nyama. Kwa namba ya mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kwa Afrika, kilo 31 kwa kila ng'ombe kwa mwaka, hapo una tani 31 za methani kila mwaka. Idadi ya ng'ombe isipobadilika miaka hamsini, methani yao angani inapanda mpaka mahali fulani halafu inatulia, inayoingia inalingana na inayovunjika. Lakini malori yanayochoma dizeli kiasi kilekile kila mwaka, hewa ukaa yake inazidi kurundikana tu, ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana, na joto linaongezeka nayo. Hesabu ya mara 28 haikuonyeshi tofauti hiyo hata kidogo, na ndiyo maana mimi nawasisitiza kila gesi muiweke kwenye safu yake kwanza, kujumlisha baadaye. Na msije mkawaambia wafugaji basi methani haina shida, kuipunguza ndiko kunakoleta nafuu ya haraka, nchi nyingi ziliahidi kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow mwaka 2021 kushusha methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030 kwa sababu hiyohiyo.

Mafaili ya zamani yana mtego. Utakuta moja limetumia 21, jingine 25, jingine 28, zote zilikuwa sahihi kwa wakati wake, ila ukiziunganisha kwenye jedwali moja utaona uzalishaji umepanda kumbe kilichobadilika ni kizidishio. Ripoti za Mkataba wa Paris zinatumia 28, rudia hesabu za nyuma zote kwa hiyo. Grafu nazo zisomeni vizuri, hewa ukaa iko kwenye sehemu 420 hivi kwa milioni za hewa na methani 1,900 na kitu kwa BILIONI, wageni wengi wanadhani methani ndiyo nyingi. Watu wa udongo wakikupa tani za kaboni, zidisha kwa 44 gawanya kwa 12 ndio upate hewa ukaa.

Halafu tokeni ofisini jamani. Jedwali la kuhesabu methani ya samadi linauliza inahifadhiwaje, na samadi iliyokauka malishoni inatoa methani kidogo sana ukilinganisha na ile iliyolowa kwenye shimo, hilo huwezi kulijua ukiwa mezani.

Kwenye bayogesi, ile gesi ya kupikia inayotoka kwenye samadi, ndo kabisa. Kilo moja ya methani ikiungua jikoni inatoa kilo 2.75 za hewa ukaa, tena kaboni yake ilitoka kwenye majani aliyokula ng'ombe, ila kilo hiyohiyo ikivuja bila kuungua ni sawa na kilo 28 za hewa ukaa kwa miaka 100. Kwa hiyo ukifika kwenye mtambo usianze kuuliza wanapika mara ngapi kwa siku, chukua maji ya sabuni upake kwenye maungio ya bomba na valvu, ukiona povu linavimba andika, na mwambie mwenye nyumba akaze hapohapo kabla hujaondoka.