Fungua hilo turubai leo, habari za geji tutaongea baadaye

Mkuu, weka kando kwanza maswali yako. Nenda saiti ukafungue hilo turubai kabla giza halijaingia.

Umeandika kwamba mabati ya rangi geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) yameshafika kwenye boma lako Chanika, umeyalaza juu ya sakafu ya zege, umeyafunga turubai pande zote na kukandamiza kingo kwa tofali, utapaua masika ikikatika, ukauliza kuhusu geji na papi, zile mbao za kupigilia mabati. Hivyo hivyo ndivyo yangu yalivyoharibika, na kukuona unapita njia ile ile kumeniuma kweli.

Aliyeniuzia alinitazama usoni akasema, "Bati la rangi haliozi bosi, funika turubai vizuri tu, hata mwaka linakaa." Mtu anauza mabati kila siku ya Mungu, anajua kabisa yanavyoharibika stoo, lakini anataka mzigo utoke leo. Nilipomrudia akaniambia waranti haihusu bati lililoharibika kabla ya kupauliwa. Kumbe alikuwa anajua! Hasira yangu kwake haijaisha mpaka sasa.

Siku ya kupaua bati la juu lilikuwa safi, linang'aa. Fundi akainua la pili, likaja na la tatu yakiwa yamegandana, maji yanachuruzika katikati. Tulipoyatenganisha, upande wa chini ulikuwa umejaa unga mweupe, sehemu nyingine weusi. Kwenye migongo rangi ilikuwa imetoka malengelenge. Ukikwangua kwa ukucha inabanduka. Tulishuka hivyo bati baada ya bati mpaka chini, na kadiri tunavyoshuka ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya.

Na turubai halikuwa na tundu hata moja. Mvua haikuingia. Maji yalitengenezwa humo humo ndani. Mchana jua linachemsha, unyevu wa zege na wa hewa iliyofungiwa unapanda kama mvuke. Usiku bati linapoa haraka, mvuke unageuka matone, na matone yanajivuta yenyewe kwenye ule upenyo mwembamba kati ya bati na bati. Bati likiwa juu ya nyumba linalowa na kukauka, na ile kaboni dayoksaidi ya hewani inaisaidia zinki, ile iliyopakwa juu ya chuma chini ya rangi, kujijengea utando mgumu wa kuilinda. Yakiwa yamebanana hakuna hewa, kwa hiyo utando haujengeki, na maji yanaendelea kuila zinki. Ule unga mweupe ndiyo zinki yako uliyoilipia. Ikiisha, chuma kinabaki wazi na kutu nyekundu inaanza.

Kwa hiyo kanuni ni moja: bati lipate hewa. Ukishika hiyo tu inanitosha.

Yatoe yote. Lililoloa likaushwe kwa kitambaa, moja moja, usiseme jua litamaliza kazi. Jua halifiki katikati ya bando. Panga upya juu ya mirunda au mbao kavu, juu kabisa ya sakafu, na upande mmoja uwe juu zaidi ili maji yakiingia yateremke yatoke. Weka vijiti vikavu kati ya mabati. Kama una chumba chenye paa kwa jirani au kwa ndugu, hamisha leo. Ukikosa, turubai likae kama hema, lisiguse mabati, na ncha zote mbili ziwe wazi upepo upite. Lakini lifunge kamba vizuri, na mabati nayo yafunge, maana upepo ukinyanyua bati linaweza kumkata mtu.

Usitumie mbao za dawa zile za kijani zikiwa bado mbichi. Ile dawa ina shaba, na shaba ikikutana na zinki penye unyevu bati linaliwa. Sikuambiwa hilo pia. Saruji, chokaa na mbolea vikae mbali.

Vijana wasiburuze bati juu ya bati, linachubuka rangi. Wainue wawili wawili, na glavu mkononi. Na fundi akitaka kukata kwa grainda juu ya rundo, mkatalie: cheche zinaunguza rangi, na vumbi la chuma linaota kutu. Mkasi wa bati upo.

Ukikuta unga mweupe kidogo, sugua taratibu kwa brashi laini na maji safi, kisha kausha. Usithubutu kutumia brashi ya waya, utakwangua na zinki iliyobaki.

Geji 28 ni nene kuliko 30, kwa hilo uko vizuri. Mambo ya papi watakujibu mafundi humu.

Na ninyi ambao boma halina hata kenchi, zile fremu za mbao za kubeba paa, msivutwe na ofa za mwisho wa mwezi mkajaza mabati saiti. Lipia ukitaka, ila andikishianeni kwamba mzigo utakaa kwao mpaka kenchi zisimame. Siku yakishushwa, fungua bando mbele ya dereva kabla hujasaini chochote, chungulia bati la katikati. Kama yameloa njiani, yapande gari lile lile yarudi.